Mwonja Maji na Wale Watatu

Siku tatu kabla ya bamvua alikuwa hali chumvi. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtoto wa kijiji chetu alilijua juu yake, na ndilo lililotufanya tumwogope. Mtu anayekula wali chapwa na samaki asiye na ladha siku tatu mfululizo, mara mbili kwa mwezi, msimu mzima wa mpunga, hawezi kuwa na maneno matamu. Ukipita mlangoni pake siku hizo ukamwamkia, alikujibu kwa kidole. Ukimletea habari, alikwambia ukae nayo mpaka maji yapwe.

Tulimwita Mwonja Maji. Jina lake la kuzaliwa sitaliandika. Nimekwisha kuandika majina mengi maishani mwangu, mengine mahali pasipofaa, na lake halitakuwa mojawapo.

Kijiji chetu kiko chini ya Chara, kuelekea Kipini, pale ambapo Mto Tana haujaamua bado kama ni mto au ni bahari. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, bahari hujaa bamvua ikausukuma mto urudi nyuma, na maji matamu ya mto hupanda mpaka juu ya kingo. Ukivunja tuta la mfereji saa hiyo, mashamba hunywa hata kama mvua haijanyesha. Lakini ukifungua wakati mto hauna nguvu, kinachoingia ni bahari yenyewe. Mpunga ukinywa chumvi huwa mwekundu kwenye ncha, kisha mweupe, na udongo hukaa na kinyongo miaka miwili mitatu. Kazi ya Mwonja Maji ilikuwa kusimama kwenye mlango wa mfereji alfajiri ya bamvua na, akiulizwa, kusema fungueni au msifungue. Hakuna mwanamume aliyegusa jembe kabla hajasema.

Alikuwa na mti mrefu uliofungwa kibuyu kidogo kwenye ncha. Alionja mara tatu. Mara ya kwanza alichota juu, mara ya pili katikati, mara ya tatu alizamisha kibuyu mpaka kwenye tope la chini. Alisukutua, akatema. Kila alipoonja alitaja jina la mwanamke, polepole, kama mtu anayeita jirani upande wa pili wa ua. Majina yalikuwa matatu. Wazee walivua kofia.

Hao ndio aliowaita Wale Watatu, na alipokuwa amekula chumvi yake vizuri alituhadithia habari zao bila kuombwa. Waliishi zamani za nyanya wa nyanya yake, kabla mzungu wa kwanza hajatia mguu Golbanti, kabla hata Witu haijawa na sultani. Wakati ule, alisema, watu wetu walilima ukingoni tu, wakingoja mto ufurike wenyewe, na mwaka ambao mto haukufurika walikufa. Wanaume walitambika. Wanawake watatu wakafanya kazi.

Mmoja alikuwa mtoro, jina lake Faida, aliyekimbia utumwa katika mashamba ya mabwana wa pwani akajificha kwenye matete yetu akiwa na makovu miguuni. Huyo ndiye aliyekuja na elimu ya kwamba maji ya chumvi hutembea chini na maji matamu hutembea juu, na kwamba mjinga huonja juu. Mwingine alikuwa Dhahabo, mwanamke wa Waorma, muuza maziwa, ambaye kila aliposhuka na kibuyu chake alieleza mto huko juu, upande wa Garsen, umewafika ng'ombe wapi walipovuka. Ukiwafika tumboni, mto una nguvu. Ukiwafika magotini, msifungue. Alilipwa kwa mpunga, na binti yake akalipwa vivyo hivyo, na mjukuu wake, mpaka zamani zangu mimi.

Wa tatu alikuwa wa kwetu. Huyo ndiye aliyechimba. Alikusanya wanawake wenzake wakaukata mfereji kwa majembe ya mti kutoka mtoni mpaka bondeni, misimu miwili, huku mumewe akija jioni na ndugu zake kufukia walichochimba mchana, kwa sababu aliona ni aibu mke wake kuuelekeza mto. Asubuhi walichimba tena pale pale. Mwonja Maji alipofika hapo alicheka kila mara, kicheko kikavu.

"Na mpunga ulipoiva," alisema, "nani alokula wa kwanza? Ni yeye bwana! Akakoga na mchuzi mpaka kwenye kiwiko!"

Ukoo wa huyo wa tatu ulikuwa ukoo wa mama yangu. Jina lake lilikuwa lile la katikati, linalotajwa baada ya Dhahabo na kabla ya Faida. Nililisikia mara mia na zaidi, nikiwa nimesimama pale na jembe langu, nikiwaza mambo mengine.

Nisije nikampamba. Alikuwa mama mgumu. Aliwasifu wanawake waliotutangulia mpaka ukadhani atawapenda walio hai, kumbe wapi! Wasichana walioletwa kwake wajifunze kuonja aliwafukuza mmoja baada ya mwingine. Huyu ananusa tumbaku, huyu anacheka ovyo, huyu ulimi wake ni wa kusengenya tu. Dada yangu alidumu kwake bamvua mbili, akarudi nyumbani analia, na Mwonja Maji akasema mbele ya watu kwamba machozi nayo yana chumvi, hafai. Kama angekuwa mpole kidogo, pengine leo kungekuwa na mtu wa kumrithi. Nalisema hili kwa uchungu, na najua si mimi mwenye haki ya kulisema.

Tena aliogopa vyombo. Mtu aliyeujua mto kwa ulimi hakuwahi hata siku moja kupanda mtumbwi. Akitaka kwenda ng'ambo alizunguka kwa miguu, nusu siku, mradi asikae juu ya maji. Tulimtania kwa hilo, naye akajibu kwa Kiswahili chake cha Kipini alichokichukua kwa mamake, "Mai nayajua. Ndiyo maana."

Na alipenda chumvi kupita mtu yeyote niliyewahi kumjua. Bamvua ikipita tu, mchana uleule, alikuwa akikaa mlangoni na kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, akikitafuna kwa meno ya mbele, macho ameyafumba. Ungemwonea huruma. Nusu ya maisha yake aliyafunga kwa ajili ya mashamba yetu, na sisi tuliona ni vituko vya bibi kizee.

Yule muuza maziwa wa zamani zetu, wa uzao wa Dhahabo, alikuwa adui yake na rafiki yake. Waligombana kila asubuhi. Mmoja Mwislamu wa ng'ombe, mwingine mwana wa kanisa la Golbanti kwa ubatizo na wa mto kwa kila kitu kingine, na Kiswahili cha yule wa maziwa kilikuwa cha kuvunjavunja.

"Maziwa yako ina maji," Mwonja Maji alimwigiza kwa dharau.

"Maji yako ina maneno," alijibu mwenzake. "Mto leo napiga ng'ombe hapa." Akajigusa ubavu.

"Ubavu wa mkubwa au wa ndama?"

"Wa mkubwa. Wewe nafikiri mimi jinga?"

Basi wakakaa chini pamoja, wakanywa maziwa yaleyale yaliyosemwa yana maji.

Sasa nije kwangu. Nilisoma shule ya misheni Golbanti mpaka darasa lililokuwa la mwisho pale, nikarudi kijijini nikiwa mtu pekee wa rika langu anayejua kuandika barua ya Kiingereza. Nikafanywa karani wa kamati ya mfereji. Nilivaa viatu kwenda shambani. Mama alinitazama viatu akasema, "Utavivua tu."

Akaja bwana shamba mpya, Mzungu kijana, mpole, mwenye ngozi iliyobabuka na jua. Sina la kumlaumu. Aliutazama mfereji, akapiga hatua zake, akaandika. Kisha akaniuliza swali moja tu lililokuwa na maana. Aliuliza ni nani huamua siku ya kufungua maji, na huamuaje.

Nilikuwa mkalimani. Wazee walinitazama. Mwonja Maji mwenyewe alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, mti wake umelala magotini. Nikaona haya. Niliona haya kumwambia mtu aliyesoma kwamba sisi tuna bibi anayeramba mto na kutaja majina ya wafu. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kilichonyooka kwamba kamati huamua, kwa kukisia.

Alifurahi. Alisema hakuna haja ya kukisia, na mwezi uliofuata akaniletea jedwali lililopigwa chapa, saa za maji kujaa na kupwa kwa mwaka mzima, kimo chake kimeandikwa pembeni. Lilikuwa kweli tupu. Nililijaribu bamvua nne, na kila mara bahari ilijaa dakika ileile iliyoandikwa. Kamati ikaketi. Mzee wa kijiji akasema hakuna sababu ya kungojea kinywa cha mtu wakati serikali imetupa karatasi. Wakakubali. Nikaamriwa nitie ubao kwenye mlango wa mfereji, uliokuwa ukiitwa siku zote Mfereji wa Wanawake, nikapaka rangi nyeupe na kuandika Mfereji wa Kamati. Herufi zangu zilikuwa nzuri sana.

Ni mimi niliyetumwa kumwambia. Alikuwa katika siku zake za kula chapwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono, akaomba aione karatasi. Aliishika juu chini, akaigeuza, akanirudishia.

"Karatasi yako yaijua bahari," alisema. "Mto nao, yaujua?"

"Bibi, ni hesabu za kitaalamu."

"Nakuuliza, yaujua mto?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika, lakini nilisema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha ng'onda, akakaa mlangoni akaanza kutafuna mbele yangu, siku moja kabla ya bamvua. Nilishtuka kuliko ningeshtuka kama angenitukana. Mama alipopata habari aliweka mwiko chini akaniambia niende nikamwombe radhi kabla jua halijachwa. Nilimwambia mama mambo haya hayajui. Hayo ni maneno yangu kwake, sawasawa kama nilivyoyatamka.

Mwaka wa kwanza karatasi ilitushibisha. Mto ulikuwa umejaa toka juu na hata kipofu angefungua kwa salama. Watu walinisalimia kwa jina la Bwana Jedwali, nami nililipenda.

Mwaka wa pili mvua za huko juu hazikunyesha. Sisi huku chini hatukuona, maana bahari ilikuwa ikijaa kama kawaida na mto ulionekana mpana uleule. Mpunga ulikuwa umebeba mimba. Jioni ya kuamkia bamvua nilikutana na yule muuza maziwa njiani, kabla hajafika kijijini. Alinisimamisha mimi kwanza.

"Karani. Ng'ombe navuka Garsen, tumbo kavu. Maji iko hapa." Akainama akagusa juu ya kifundo cha mguu. "Iko hapa tu. Wewe nasikia?"

Nilimwonyesha karatasi. Nilicheka, si kwa ubaya, nilicheka kama mtu mwenye kazi nyingi. Yeye akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaenda zake kwa Mwonja Maji na kibuyu chake.

Asubuhi tulikuwa wote kwenye mlango wa mfereji. Wanaume na majembe, wanawake nyuma, mama yangu kati yao. Maji yalipanda saa ileile iliyoandikwa. Mwonja Maji alikuja, jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima uliopita. Alisimama kando ya ubao wangu mweupe akiwa ameegemea ule mti wake wa kibuyu, mdomo ameufunga. Akanitazama, nami nikamtazama. Nakumbuka vizuri kwamba tulitazamana, kwa muda wa kutosha kabisa kwa mtu kuuliza neno moja.

Sikuuliza. Niliinama, nikachota maji kwa kiganja, juu juu, nikaonja mbele ya watu ili waone kwamba nami naweza. Yalikuwa matamu. Nikasema fungueni.

Siku ya nne ncha za mpunga zilikuwa nyekundu. Siku ya saba bonde zima lilikuwa na rangi ya majivu, kuanzia shamba la mzee wa kijiji mpaka kishamba cha mwisho, na shamba la Mwonja Maji limo humohumo. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Mzee wa kijiji alisema ni kazi ya Mungu, na kamati ikaandika hivyo, nikiwa mimi ndiye mwandishi. Bwana shamba alipoletewa habari aliuliza kama hatukuwa na njia yoyote ya kujua hali ya mto. Nilimjibu kwamba hatukuwa nayo.

Tukala mizizi ya yungiyungi. Vijana wakaenda Garsen kutafuta vibarua, wengine hawakurudi. Misheni iligawa unga mara mbili. Udongo haukupona mwaka huo wala uliofuata, na mwaka uliofuata homa ilipokuja ilikuta watu hawana damu. Tulizika wengi. Mwonja Maji alikaa mpaka mazishi yalipopungua, kisha akaenda kukaa kwa mdogo wake Kipini. Walisema alitembea siku nzima na sehemu ya pili, akizunguka kila mkono wa maji.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimepata ukarani Garsen, na nilitumwa Kipini na makaratasi. Lakini nilikuwa na shughuli yangu mwenyewe vilevile. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini kwetu alikuwa ameniomba niwaandikie watoto ukurasa mmoja juu ya mfereji, nani alianza na lini, kwa kuwa mashamba yalikuwa yameanza kulimwa tena kidogo na watoto waliuliza. Niliketi na kalamu. Nikaandika Faida, nikaandika Dhahabo. Halafu nikakaa. Nilifumba macho nikamwona amesimama na mti wake, nikaona mdomo wake unacheza, na lile jina la katikati, la mwanamke wa kwetu, wa ukoo wangu mwenyewe, halikuja. Niliuliza wazee, kila mmoja akanipa jina lake. Dada yangu alisema alikuwa mdogo, hakulishika.

Nilimkuta uani kwa mdogo wake, saa ya chakula cha mchana. Alikuwa amepungua sana lakini macho ni yaleyale. Hakushangaa kuniona. Aliamuru niletewe wali na samaki, nikanawa, nikatia tonge mdomoni. Hakikuwa na chumvi hata punje. Nikatazama huku na huku.

"Bamvua ni kesho kutwa," alisema.

Pale hapakuwa na mfereji. Hapakuwa na mpunga wa mtu wa kumngoja. Nilitafuna chakula kile kwa shida, na nilitaka kumwomba radhi, lakini maneno niliyokuwa nimeyapanga toka Garsen yote yalikuwa ya kiofisi. Nikauliza lililokuwa likinila siku zote.

"Bibi, asubuhi ile. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Aliokota mwiba wa samaki, akauweka kando ya sahani. "Miaka thalathini sikusema mpaka niulizwe. Ndiyo kazi. Mtu huuliza, mimi hujibu. Nilikuya pale nikangoja mtu aulize. Shamba langu lilikuwamo." Akanitazama. "Wewe ulinitazama, mwanangu. Nikasema moyoni, huyu sasa atauliza."

Mdogo wake alikuja kuchukua sahani, akaona hatujamaliza, akaondoka. Nilinawa mkono, nikatoa karatasi na kalamu mfukoni, na hata nilipokuwa nikifanya hivyo nilijua nakosea, lakini mkono ulikwisha zoea. Nikamweleza habari za mwalimu na watoto. Nikamwambia nina majina mawili. Nikamwomba la tatu.

Alisukutua kwa maji ya kikombe, akatema mchangani, kama alivyokuwa akifanya mlangoni pa mfereji.

"Huyo ni wa kwenu," alisema. "Kamuulize mamako."

Mama tulimzika mwaka ule wa homa. Mwonja Maji ndiye aliyemwosha.